Nyololo

Nyololo ni kata ya Wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya, kati ya Mafinga na Makambako. Vijiji vyake ni pamoja na Nyololo Shuleni na Nyololo Njiapanda. Njiapanda ndiyo inayoipa kata uhai: hapo barabara ya Igowole na Mtwango inaachana na lami ya Mbeya kuelekea kwenye mashamba ya chai. Hali ya hewa ni ya baridi, na wakazi, wengi wao Wahehe na Wabena, hulima mahindi, maharage na viazi.

Tukio lililoifanya Nyololo ijulikane nchi nzima ni la kuhuzunisha. Tarehe 2 Septemba 2012, Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari Iringa, alifika kuripoti shughuli za chama cha upinzani cha CHADEMA kijijini. Polisi walimzingira, akapigwa, kisha bomu la machozi likafyatuliwa kwa karibu mno na kumpasua tumbo. Alikufa papo hapo, akiwa kazini. Picha za waandishi wenzake zilionyesha dakika zake za mwisho. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Muungano wa Klabu za Waandishi wa Habari Tanzania ulianzisha tuzo yenye jina lake.