Udodosi: kazi ya diwani asiye na rungu

Halmashauri za England zina kamati inayomkwamisha mfasiri wa Kiswahili mara tu anapofika kwenye jina lake. Kazi yake Waingereza huiita scrutiny. Katika kikao kimoja kamati hiyo inaweza kuwaita wakuu wa hospitali waeleze kwa nini wodi ya uzazi inahamishwa, kisha ikawageukia watumishi wa halmashauri waeleze fedha za kuwasaidia wenye upweke zimefanya kazi gani. Hospitali haiendeshi, fedha haizishiki, wala haina kura ya kuzuia uamuzi. Kazi ya namna hiyo tuiiteje?

Tuanze na sheria. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2000 iliwagawa madiwani: wachache wakawa watendaji, na wengine wakapewa jukumu la kuwafuatilia. Diwani mtendaji haruhusiwi kuketi kwenye kamati inayomfuatilia. Mwaka 2001 sheria nyingine ilifungua mlango wa NHS, huduma ya taifa ya afya, ambayo haiko chini ya halmashauri. Kanuni za mwaka 2013 zikaitaka NHS ishauriane na kamati kabla ya kufanya mabadiliko makubwa ya huduma, wakuu wake wafike wanapoitwa, na mapendekezo yajibiwe kwa maandishi ndani ya siku 28 kamati ikitaka hivyo. Ila sheria haikusema mabadiliko “makubwa” yanaanzia wapi, na mara nyingi mvutano huanzia hapo.

Sasa tupime maneno tuliyo nayo. “Usimamizi” haufai, kwa maana msimamizi ana amri juu ya anachokisimamia. “Ukaguzi” umeshikwa na watu wa hesabu, tena mkaguzi hufika fedha zikiwa zimeshatumika, wakati kamati hii inatakiwa iulize mapema. “Uchunguzi” humfanya msomaji anuse jinai. Daktari mkuu akiambiwa anachunguzwa, atatafuta wakili. “Upekuzi” ndio unaokaribia zaidi asili ya neno lenyewe, kwani scrutari ya Kilatini ni kupekua, na huhusishwa na scruta, yaani matambara na vikorokoro. Lakini kwetu mpekuzi ni askari mwenye hati mkononi.

Linabaki kudodosa: kuuliza kidogo kidogo, swali likizaa swali, mpaka lililofichika lijitokeze. Anayedodosa hana pingu wala rungu. Nguvu yake ni kwamba anayeulizwa hana budi kujibu, na anajibu mbele ya watu. Ndiyo maana napendekeza “udodosi”.

Hebu tulijaribu neno hili huko Banbury, kaskazini mwa Oxfordshire. Mwaka 2016 Hospitali ya Horton ilisimamisha huduma ya uzazi inayoongozwa na madaktari, kwa sababu ya uhaba wa madaktari. Wakunga walibaki, lakini mjamzito anayehitaji daktari bingwa alitakiwa kwenda Oxford, zaidi ya kilomita 30. Mwaka uliofuata wapangaji wa huduma waliamua hali hiyo iwe ya kudumu, na madiwani wakalipeleka suala kwa waziri wa afya. Jopo huru lililomshauri waziri lilitaka mambo yatazamwe upya, kwa kuwahusisha pia watu wa Northamptonshire na Warwickshire wanaoitegemea hospitali hiyo. Kamati ya pamoja ya kaunti hizo tatu ikaundwa. Mwaka 2019 wapangaji walibaki na uamuzi wao. Madiwani hawakuirudisha wodi, ila walilazimisha hoja zirudiwe hadharani na watu waliosahaulika wakahesabiwa. Tangu tarehe 31 Januari 2024 hata ule uwezo rasmi wa kulipeleka suala kwa waziri umeondolewa. Kamati inaweza tu kumwandikia kumwomba aingilie kati, kama raia yeyote. Silaha kubwa iliyobaki ni swali.

Swali lisipoulizwa, gharama yake hulipwa wodini. Ripoti ya Robert Francis ya Februari 2013, kuhusu wagonjwa waliotelekezwa katika hospitali ya Stafford, ilieleza kwamba kamati za madiwani hazikuzing’amua dalili za hatari wala kuelewa uzito wake.

Kwenye upweke udodosi ni mgumu zaidi, maana wodi ikifungwa kila mtu anaona, lakini upweke hauonekani. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilimteua waziri wa kushughulikia upweke na kutoa mkakati, baada ya kazi ya tume iliyobeba jina la mbunge Jo Cox, aliyeuawa mwaka 2016. Mkakati huo hauuelezi upweke kuwa ni kukaa peke yako. Ni hisia ya mtu kwamba mahusiano aliyo nayo hayalingani na anayoyahitaji. Mtu anaweza kuishi kwenye nyumba iliyojaa ndugu na bado akawa mpweke. Kwa hiyo halmashauri ikiripoti kwamba wazee wengi wamehudhuria vikao vya chai, diwani mdodosi hatosheki. Atauliza kama upweke wao umepungua, nani alipima, na wasiotoka nyumbani walifikiwaje. Mwaka huohuo wa 2018 ofisi ya takwimu ya Uingereza ilipendekeza maswali manne mafupi ya kupimia hisia hiyo. Wataalamu wetu wa utafiti wangeyaita dodoso, kwa hiyo chombo na kazi vingetoka kwenye shina moja.

Hata hivyo neno hili lisisafirishwe ovyo. Nchini Tanzania zahanati na vituo vya afya vya umma viko chini ya halmashauri yenyewe, na hapo diwani anasimamia kwelikweli. Nchini Kenya, ibara ya 185 ya Katiba ya 2010 inalipa bunge la kaunti mamlaka juu ya watendaji wake, yakiwemo ya kuidhinisha mipango, na “uangalizi” unaotumiwa na vyombo vya habari unatosha. “Udodosi” ubaki kwa chombo kinachouliza bila kuamua. Katika kamusi ya istilahi ungeweza kuandikwa hivi:

Udodosi (nm): kazi ya wawakilishi waliochaguliwa ya kuwahoji hadharani watoa huduma wasio chini ya amri yao, hasa kabla ya uamuzi kupitishwa, na kutoa mapendekezo yanayostahili kujibiwa.