Make: Programu ya 1976 inayowaokolea muda wasanifu wa programu
Make husaidia kujenga programu kubwa zenye mafaili mengi. Stuart Feldman aliiandika 1976 katika maabara za Bell, Marekani, baada ya mwenzake Steve Johnson kupoteza asubuhi nzima akisaka kosa alilokwisha kulirekebisha. Kumbe faili hakuwa amelikompaili upya!

Inafanyaje kazi? Make hulinganisha muda. Faili la chanzo likiwa jipya kuliko lile linalotokana nalo, hujenga upya sehemu hiyo tu.

Shida ni kwamba inajua tu ulichoorodhesha. Ukisahau faili moja, programu inaweza kutoka na vitu vya zamani ndani.

Bazel ya Google, iliyotolewa kwa umma 2015, hukagua yaliyomo kwenye faili. Likihifadhiwa tena bila mabadiliko, kazi hairudiwi.