Bibi, samaki na neno "dawa"

Wengi mliosikiliza kipindi kilichopita mmeniuliza: ile hadithi ya bibi na vidonge vya mafuta ya samaki iliishaje? Haya, leo naiandika, na historia yake pamoja.

Bibi yangu kazaliwa Unguja, akaja Maskati miaka ya 70. Siku hizi tunakaa naye hapa Ansab. Ana baridi yabisi. Akiamka asubuhi vidole havikunjiki. Mwaka jana nikamnunulia vidonge vya omega-3, nikamwambia, "Bibi, hii ndiyo dawa." Kosa langu lilikuwa neno hilo moja. Aliniamini, akaacha kimya kimya dawa aliyoandikiwa na daktari. Wiki chache baadaye mikono ilivimba, hata kikombe cha chai hakiwezi.

Ndipo nikakaa kusoma. Sifa hizi za mafuta zimetoka wapi?

Zamani wataalamu walidhani mafuta ni ya kutia nguvu tu. Mwaka 1929 George Burr na mkewe Mildred, huko Minnesota, Marekani, walionyesha kuwa panya walionyimwa mafuta kabisa waliharibika ngozi na kudumaa. Yaani kuna asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Lazima zitoke kwenye chakula.

Baadaye ikajulikana kazi yake mojawapo. Mwili hutumia asidi moja, arakidoniki, ya jamii ya omega-6, kutengeneza prostaglandini, ambazo huchochea uvimbe, joto na maumivu. Uvimbe si adui: ukijikata, ndio unaolinda kidonda. Balaa ni ule usiozimika, unaokaa miaka na kula viungo. Mwaka 1971 John Vane alieleza kuwa aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia prostaglandini zisitengenezwe. Mwaka 1982 yeye, Sune Bergström na Bengt Samuelsson walipewa Tuzo ya Nobel.

Samaki waliingiaje? Mwaka 1970 Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, madaktari wa Denmark, walikwenda Greenland kupima damu za watu wanaoishi kwa vyakula vya baharini. Waliikuta imejaa EPA, asidi ya omega-3. EPA hugombea vimeng'enya vilevile na arakidoniki, na kinachotoka huchochea uvimbe kwa nguvu ndogo zaidi. Miaka ya 2000 Charles Serhan na wenzake wakaeleza kuwa mwili hutumia EPA na DHA kutengeneza kemikali zinazosaidia kuuzima uvimbe.

Na kwetu je? Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Lugalawa, kusini mwa Tanzania. Walilinganishwa wanavijiji wa kando ya Ziwa Nyasa, wala samaki kila siku, na ndugu zao wa milimani waliokula mimea. Wala samaki walikuwa na omega-3 nyingi zaidi kwenye damu, presha ya chini na kolesteroli ndogo. Lakini angalieni: walipimwa presha na mafuta ya damu, si maumivu ya viungo. Utafiti ule haukusema kitu juu ya vidole vya bibi.

Wagonjwa wa baridi yabisi walipimwa kwenye tafiti nyingine. Baadhi yao walipopewa mafuta ya samaki kwa kipimo kikubwa, kwa miezi, maumivu na ukakamavu wa asubuhi vilipungua kiasi. Kiasi tu, tena huku wakiendelea na dawa zao. Mafuta yalikuwa msaidizi, na mie nilimpa msaidizi kazi ya daktari.

Tulirudi kwa daktari. Bibi kaanza tena dawa, na uvimbe umepungua, ingawa kidole kimoja hakijanyooka mpaka leo. Nilipomwomba radhi alicheka. "Mjukuu wangu, dagaa nimekula tangu Unguja, na nguru nawala hapa. Hakuna aliyeniambia ni dawa. Ni kitoweo."

Basi leo waulizeni bibi na babu zenu walikula nini utotoni. Halafu ulizeni na hili: dawa gani wanameza sasa, na ipi wameiacha bila kumwambia mtu.