Funza wa Vitumba na Fundisho la Mto Ord



Yampasa mkulima kumfahamu adui yake. Wako nondo wa jamii iitwayo Heliothinae, ambao viwavi wao hupenda maua, vitumba na matunda machanga kuliko majani. Kwa hiyo kiwavi mmoja, ingawa hula kidogo, huharibu mavuno mengi. Aliye mashuhuri zaidi ni funza wa vitumba, ashambuliaye pamba, mahindi, nyanya, mbaazi na dengu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Jacob Hübner, Mjerumani, alimpa jina la Kilatini armigera, yaani mchukua silaha. Nondo jike huweza kutaga mayai zaidi ya 1,000, naye huruka usiku mwendo mrefu, asijue mpaka wa shamba wala wa nchi.

Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi aligundua kwamba DDT huua wadudu, na wengi wakadhani vita vimekwisha. Huko Australia, kando ya Mto Ord, bwawa la kumwagilia mashamba lilifunguliwa mwaka 1963, wakulima wakapanda pamba kwa matumaini makubwa. Wakanyunyiza dawa tena na tena. Funza dhaifu walikufa. Wachache waliostahimili wakazaana, na wazao wao wakairithi nguvu hiyo. Wadudu wawalao funza nao wakaangamia. Gharama ikapanda, na mwaka 1974 kilimo hicho kikaachwa.

Waaustralia hawakusahau. Mwaka 1996 walianza kupanda pamba iliyotiwa mbegu ya urithi ya bakteria iuayo funza, lakini kwa sharti: mkulima atenge sehemu ya mimea isiyo na sumu hiyo, kama mbaazi. Nondo watokao humo huzaana na wale wachache waliostahimili, na ustahimilivu hauenei upesi. Tena baada ya mavuno hulima udongo ili kuwaharibu funza waliojizika humo.

Serikali ya Kenya iliruhusu pamba ya namna hiyo mwezi wa Desemba, 2019. Basi jambo hili latuhusu. Dawa pekee haitoshi, hata iwe kali vipi; na bidii ya mtu mmoja haimfai kitu ikiwa nondo hulelewa katika shamba la jirani. Adui asiyejua mipaka hushindwa na majirani walio na shauri moja.