Mtikisiko wa Ubongo: Istilahi, Wakati na Muda

Huko Makangale, kaskazini mwa Pemba, mtu akianguka kutoka juu ya mnazi au mkarafuu, swali la kwanza linaloulizwa ni moja: "Kazimia?" Jibu likiwa hapana, watu humshukuru Mungu, aliyeanguka hukandwa mgongo na kiuno, na kesho yake anatazamiwa arudi kazini. Swali lenyewe ni zuri, lakini halitoshi. Wengi wanaoumia ubongo kwa namna ninayoieleza hapa hawazimii kabisa. Wanainuka, wanajifuta vumbi, wanaitikia salamu, na jeraha limo ndani.

Jeraha hilo naliita mtikisiko wa ubongo. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, nao umezungukwa na maji yake maalumu ndani ya fuvu. Kishindo kikimpata mtu, ubongo husukwasukwa na kupinda hata kama fuvu halina ufa. Si lazima kichwa kiguse ardhi: mkwezi aliyeangukia makalio, au kijana aliyetupwa na pikipiki kwenye barabara ya Konde, anaweza kutikisika ubongo kwa nguvu ya mwili kusimama ghafla. Baada ya hapo mambo huharibika ndani ya seli. Potasiamu humwagika nje, kalsiamu huingia ndani, na seli hulazimika kutumia nguvu nyingi kurudisha mizani wakati ambapo damu inayoziletea chakula imepungua. Ndiyo maana picha ya CT scan mara nyingi haionyeshi kitu. Kilichovurugika ni utendaji, na picha ile huonyesha umbo. Mgonjwa aliyeambiwa "picha yako safi" anarudi nyumbani akidhaniwa mvivu, na hilo ni dhuluma kubwa.

Wapo wanaosema na kuandika "mshtuko wa ubongo". Nawaelewa, ila neno hilo lina kazi nyingi mno. Mshtuko wa moyo tunaujua. Wauguzi pia husema mgonjwa "yuko katika mshtuko" shinikizo la damu linaposhuka mno. Juu ya hayo, kwa mtu wa kawaida mshtuko ni fadhaa, kama anayopata mtu akiletewa habari ya msiba. Jamaa wakisikia kwamba ndugu yao kapata mshtuko, watamsomea dua na kumtuliza moyo. Ni wema, lakini hawatamzuia kupanda mti keshokutwa. Mtikisiko unasema kilichotokea: kitu kimetikiswa, na kilichotikiswa kinahitaji kutulia. Neno ambalo madaktari wa Ulaya wamelirithi kutoka Kilatini nalo lina maana hiyo hiyo ya kutikisa. Na kabla yao, tabibu Abubakar al-Razi, aliyefanya kazi Rayy na Baghdad na kufariki mwanzoni mwa karne ya 10, ndiye anayetajwa na wanahistoria wa tiba kuwa wa kwanza kuitenga hali hii na majeraha mazito ya ubongo. Kwa hiyo jambo si geni katika elimu ambayo visiwa vyetu vimeijua kwa karne nyingi.

Nije kwenye kumbukumbu, kwani hapo ndipo nyumba nzima hutaabika. Kinachotokea nakiita pengo la kumbukumbu, nalo lina pande mbili. Kuna pengo la kabla: aliyeanguka hakumbuki alivyoukwea ule mnazi, wala aliyekuwa naye chini. Pengo hili aghalabu hupungua siku zinavyokwenda. Kisha kuna pengo la baada, ambalo huwatisha jamaa zaidi. Mtu kasimama, katembea hadi nyumbani, kasema hajambo, na jioni anauliza: "Nimefikaje hapa?" Anajibiwa. Baada ya kitambo kidogo anauliza tena, kwa sauti ile ile. Kisha anaulizia panga lake, anaoneshwa, na anauliza tena. Hana ukaidi, wala hajaingiwa na chochote. Sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya na kuyaweka haikuwa ikiweka. Yale ya saa zile hayakuhifadhiwa, kwa hiyo kumbana ayakumbuke ni kumtesa bure.

Katika suala la wakati Kiswahili chetu kina utajiri ambao wataalamu wa istilahi wautumie. Tuna wakati na tuna muda. Wakati hujibu lini, muda hujibu kiasi gani, na mtikisiko unaweza kuvuruga kimoja kikabaki kingine. Aliyepotewa na wakati hajui kama hii ni asubuhi au alasiri, au anadhani bado ni siku ya soko iliyopita. Aliyepotewa na muda anajua vizuri kwamba leo ni Alhamisi, lakini anaacha chungu motoni akiamini ni dakika chache tu, na wali unaungua. Ubongo hauna saa moja mahali pamoja. Kupima muda kunashirikisha sehemu kadhaa, na muda unaozidi sekunde chache huhitaji umakini na kumbukumbu, vitu viwili ambavyo mtikisiko huvipiga kwanza. Nashauri tuseme kupotewa na wakati kwa hali ya kwanza na kupotewa na muda kwa ya pili, kwani hata msaada wake si mmoja.

Kwa Mwislamu wa Makangale dalili hujitokeza pia kwenye mswala. Mtu aliyesali miaka yote bila taabu anasimama katikati ya sala asijue amesali rakaa mbili au tatu. Fiqhi ina njia kwa mwenye shaka, ajenge juu ya idadi ndogo kisha asujudu sijda ya kusahau, na kumkumbusha hivyo humwondolea hofu kubwa. Ila likijirudia sala baada ya sala tangu siku ya kuanguka, muuguzi aelezwe. Ni habari ya kitabibu.

Hapa nina neno na wanaopima. Kipimo cha Glasgow, kilichotungwa na Teasdale na Jennett mwaka 1974, hutazama macho, maneno na mwendo wa viungo, na mwenye mtikisiko anaweza kupata alama zote 15. Ndipo huongezwa maswali kama "Leo tarehe ngapi?" Mkulima mzima wa afya anaweza asiijue tarehe ya Kizungu, na mgonjwa anaweza kuibahatisha. Mwaka 1995 Maddocks na wenzake huko Australia walionesha kwamba wachezaji wa mpira walioumia kichwa hugunduliwa vizuri zaidi kwa maswali ya mambo ya karibu: tupo uwanja gani, nani kafunga bao la mwisho, kuliko kuulizwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Sisi tuulize hivi: "Baba, alfajiri umesali wapi? Ulikuwa na nani chini ya mnazi? Maji ya bahari asubuhi yalikuwa yanajaa au yanapwa?" Kwa mvuvi na mkwezi hayo ndiyo bao la mwisho.

Kumuuguza nyumbani kunawezekana, mradi dalili za hatari zisiwepo: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika mara kwa mara, degedege, mboni za macho zisizolingana, upande mmoja kulegea, au usingizi mzito usioamshika. Ikionekana moja tu, ni safari ya hospitali papo hapo, hata kama ni usiku. Zisipokuwepo, siku moja hadi mbili za kupumzika zinatosha, kisha mwendo mwepesi. Kumfungia mtu katika chumba chenye giza wiki nzima ni ushauri uliopitwa na wakati. Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki mbili, watoto ndani ya nne, na wachache hukawia zaidi.

Aliyepotewa na wakati asaidiwe na adhana tano. Kila adhana, mtu mmoja wa nyumbani, yule yule, amwambie lililofanyika tangu iliyopita, na liandikwe kwenye daftari la skuli: dawa kanywa, mgeni kaja, jembe limerudishwa. Aliyepotewa na muda apewe kengele ya simu, asiachiwe moto peke yake.

Kazi irudi kwa daraja. Kwanza atembee. Kisha akae na wenzake kuchambua karafuu, na akichoka au kichwa kikianza kuuma ajilaze. Akiweza hayo kutwa nzima bila dalili, aende kwenye kuanika karafuu na kufua nazi. Kukwea ndiko kwa mwisho, baada ya kuonwa na mhudumu wa afya, kwani kizunguzungu kidogo juu ya mkarafuu, ambao matawi yake hukatika upesi, kinamletea kishindo cha pili kabla ubongo haujapona kile cha kwanza.