Makumbusho ya Liverpool: Jengo Lililozua Ubishi

Jengo hili la mawe meupe, lenye kuta zilizoinama na dirisha kubwa kila mwisho, ni makumbusho ya mji wa Liverpool, Uingereza. Lilibuniwa na wasanifu wa 3XN kutoka Denmark. Lilifunguliwa tarehe 19 Julai 2011.

Halikupokewa kwa shangwe tupu. Jirani zake ni majengo matatu ya mwanzoni mwa karne ya 20, maarufu kwa jina la Three Graces, ambayo ndiyo sura ya mji huu. Wapo waliolalamika kwamba mgeni huyu ameziba mandhari yao. Mwaka uleule jarida la Building Design lililiteua kuwania Carbuncle Cup, tuzo ya jengo baya kuliko yote nchini. Miaka miwili baadaye, Baraza la Ulaya liliyapa makumbusho haya tuzo yake, na ni haki yao.

Panda ghorofani usimame dirishani. Majengo yale ya kale yanaonekana vizuri ajabu. Hakuna jibu bora kwa wakosoaji.

Usiondoke bila kuliona behewa la reli ya umeme iliyopita juu ya barabara ya bandarini kuanzia 1893 hadi 1956. Makuli waliitumia kujikinga na mvua wakienda kazini, wakaibandika jina la mwavuli wao. Reli yenyewe ilibomolewa. Behewa limehifadhiwa ili wajukuu wa makuli hao waingie, wakae kwenye viti vyake vya mbao.