Vyumba vya Kupangisha: Tulikotoka na Yaliyotukuta



Kamati ya kijitabu hiki iliniomba mimi mwenyekiti niandike historia. Habari za hisa, mikopo na mgao wetu wa kila mwaka katibu ameshazieleza kurasa za mbele, sitazirudia. Nimeona niandike historia ya kitu ambacho ndicho kilichowaleta wengi wetu kikundini, nacho ni chumba cha kupangisha. Maana ukimwuliza mwanachama anaweka akiba ya nini, kwanza atakwambia ada za watoto, halafu atakwambia anataka kuinua vyumba viwili vitatu apangishe. Sisi wauza vitumbua, wauza mkaa na washona nguo hatukuajiriwa na mtu. Pensheni hatuna. Chumba ndicho pensheni yetu. Kwa hiyo ni vizuri tujue waliotutangulia walipataje vyumba hivyo, na walivipotezaje.

Hapa Dar es Salaam jambo hili si geni. Nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita, vitatu kulia na vitatu kushoto, ukumbi katikati, na uani jiko, bafu na choo, ni nyumba inayofaa kupangisha chumba kimoja kimoja. Mwenye nyumba analala na familia yake chumba kimoja au viwili, vilivyobaki wanakaa wapangaji. Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke zilijaa nyumba za namna hiyo. Watu waliotoka mikoani kutafuta kazi bandarini na viwandani wengi wao walifikia humo. Na wenye nyumba hawakuwa wanaume tu. Walikuwepo akina mama pia, wajane na walioachwa, wengine wamerithi, wengine wamejenga kwa fedha ya biashara ndogo ndogo. Mama mwenye nyumba alikuwa mtu wa heshima mtaani. Ndiye aliyesuluhisha ugomvi wa uani, na ndiye aliyeshika ufunguo.

Halafu likaja Azimio la Arusha mwaka 1967. Viongozi wakawekewa masharti, na sharti mojawapo lilikuwa kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Tena Azimio lilimhesabu kiongozi pamoja na mkewe, au pamoja na mumewe. Hapo ndipo tunapomkuta Bibi Titi Mohamed, yule mama aliyeongoza akina mama wa TANU tangu mwaka 1955 na kuzunguka nchi nzima kutafuta uhuru. Yeye hakukubaliana na sharti hilo la nyumba, akajiuzulu katika Kamati Kuu ya chama. Sipo hapa kuhukumu siasa za wakati ule. Lengo la Azimio lilikuwa kuzuia wakubwa wasineemeke kwa jasho la wengine, na hilo lilikuwa na maana. Lakini kwa mama asiye na kazi ya mshahara, vyumba vya kupangisha ndilo shamba lake la mjini. Mambo hayo mawili yaligongana tangu siku ile.

Mwaka 1971 ikaja sheria ya serikali kutwaa majengo. Majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 yalichukuliwa, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba zetu za uswahilini hazikufika thamani hiyo, zikabaki. Lakini woga uliingia. Mtu mwenye uwezo wa kuongeza vyumba alijiuliza mara mbili.

Kukopa nako kulikuwa na historia yake. Benki ya Nyumba Tanzania ilianza kazi mwaka 1973 ili watu wapate mikopo ya kujengea, mikopo ya muda mrefu. Mwaka 1995 benki hiyo ilifungwa. Tangu hapo mtu mdogo akitaka kujenga anabaki na njia moja, nayo ndiyo hii tunayoijua sote: mchezo wa mwaka huu unanunua kiwanja, mgao wa mwaka kesho unamwaga msingi, mwaka unaofuata kuta, halafu boma linakaa linaota majani mpaka mabati yapatikane. Ndiyo maana mitaa yetu imejaa maboma. Watu wanapita wanasema wenyewe wamekwama. Wengi wao hawajakwama, wanajenga kwa mwendo wa akiba yao.

Upande wa kodi, ilikuwepo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984. Mwenye nyumba hakuruhusiwa kupandisha kodi atakavyo wala kumtoa mpangaji bila kufuata sheria. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi ni maelewano. Wenye nyumba walifurahi. Lakini mnaona yaliyofuata. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, mpangaji anahangaika kuitafuta, na ikishalipwa inaingia kwenye harusi, hospitali na madeni. Ikifika mwezi wa tatu fedha imekwisha, na mpangaji bado ana miezi tisa ya kukaa. Paa likivuja hapo mama hana la kumwambia fundi. Mpangaji analalamika, na ana haki ya kulalamika.

Mwaka 2021 serikali iliweka kodi ya jengo ndani ya LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda ikawa 1,500. Fedha si nyingi, lakini ugomvi ulioletwa ni mkubwa. Kodi ni ya mwenye nyumba, na anayekatwa ni yule aliyenunua umeme siku hiyo. Mwenye nyumba mwungwana huipunguza kwenye kodi ya chumba. Asiye mwungwana hujifanya hajui.

Sasa tufanye hesabu kama tunavyofanya kwenye vikao vyetu. Tuseme mama ana vyumba vitatu, kila kimoja shilingi 40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,440,000, na hapo ndipo wengi wanapofunga daftari. Lakini tuseme chumba kimoja kimekaa wazi miezi mitatu, toa 120,000. Kunyonya choo mara mbili, tuseme 100,000 kila mara, toa 200,000. Bati, kitasa na rangi, toa 150,000. Kodi ya jengo 18,000. Inabaki 952,000, yaani chini ya 80,000 kwa mwezi. Kama vyumba hivyo vilimgharimu 9,000,000, fedha yake itarudi baada ya miaka tisa na zaidi, karibu umri wote wa kikundi chetu. Na hapo hatujamtaja mpangaji aliyeondoka usiku na deni la miezi minne. Sisemi haya kumkatisha mtu tamaa. Chumba ni mali ya pole pole, na anayekiingia kwa haraka kitamtoa kwa haraka.

Lakini yote hayo yana dawa. Jambo linalotuumiza kuliko yote ni karatasi. Mwaka 1971, ule ule wa kutwaa majengo, ilitungwa Sheria ya Ndoa, inayosema mke aliyeolewa ana haki ya kumiliki mali yake mwenyewe, na kwamba nyumba wanayoishi mume na mke haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Mwaka 2004 zikaanza kutolewa leseni za makazi kwa sisi tuliojenga kwenye maeneo yasiyopimwa. Sheria zipo. Lakini tumekaa misibani mara ngapi, jamani, tukaona arobaini haijafika na ndugu wa marehemu wameshaanza kukusanya kodi kwa wapangaji? Tofali alinunua mjane kwa mikopo ya kikundi, tunajua sisi tuliomkopesha. Hati ya mauziano ya kiwanja imeandikwa jina moja tu, la marehemu. Baraza la ardhi na nyumba la wilaya haliwezi kusoma kilichomo mioyoni mwetu, linasoma karatasi.

Kwa hiyo nikiiangalia historia yote hii naona kitu kimoja. Waliopoteza nyumba zao wengi hawakukosa wapangaji. Walikosa karatasi yenye jina lao, au akiba ya kutengeneza, au mkopo wenye muda wa kutosha. Haya matatu yako mikononi mwetu, na ndiyo ninayoyapeleka mbele ya mkutano mkuu.

Kwanza, mwanachama anayekopa kwa ajili ya ujenzi aonyeshe karatasi ya kiwanja yenye jina lake, awe peke yake au pamoja na mumewe, iliyoshuhudiwa serikali ya mtaa. Hii si kumgombanisha mtu na mumewe. Baba anayempenda mkewe hataogopa kuandika majina mawili. Pili, kila mwenye vyumba aweke kikundini kodi ya mwezi mmoja wa kila chumba kwa mwaka, kwenye daftari la peke yake, isiguswe ila kwa matengenezo. Na mkataba na mpangaji uandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari, kodi, umeme na muda wa kuondoka vikitajwa. Tatu, mkopo wa ujenzi usirejeshwe kwa masharti ya mkopo wa biashara ya nyanya. Nyanya zinauzwa kesho. Chumba kinahitaji kwanza kupauliwa.

Najua pendekezo la kwanza litaleta maneno. Wapo wanachama walioniambia kwamba litawanyima mkopo wale hasa wenye shida, maana waume zao hawatakubali. Ni hoja nzito, na mkutano uijadili bila woga. Mimi jibu langu ni kwamba mkopo wa kujenga nyumba ambayo huwezi kuidai ni deni lako na mali ya mwingine. Ni afadhali tuchelewe mwaka mmoja tukibishana na waume zetu wakiwa hai, kuliko kubishana na mashemeji mahakamani.

 Mkutano mkuu tufike kwa wakati, na kila mwenye nyumba aje na karatasi zake tuzisome pamoja.

Mwenyekiti wenu.